Kiingereza cha Dirishani

Mwalimu Andati alipotokea uani mara ya kwanza, Mama Zeituni alidhani ni mtu wa kampuni ya miwa aliyepotea njia. Alikuwa ameketi kibarazani akipepeta mahindi, na yule mgeni akaja akikanyaga pembeni, viatu amevishika mkononi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha matope, na uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mama Zeituni aliviona vile viatu kabla hajamwona mtu mwenyewe uso, na kabla ya kujua anataka nini alikwisha sema moyoni kwamba huyu amelelewa.

"Hodi hapa," akasema mgeni.

"Karibu. Lakini usikaribie sana, baba."

Alisema hivyo kwa kuwa hakujua aseme vipi. Nyumba ile ilikuwa na eda. Mwezi wa Julai mwanawe wa pekee, Jamal, alishikwa na homa, na kabla watu hawajamaliza kuulizana ni homa gani, wakawa wanachimba kaburi. Mkewe, Khadija, aliingia chumbani siku hiyohiyo kukaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Alibaki humo na mtoto wao Nadia, aliyekuwa wa miaka minne na hakuelewa kwa nini mama haendi tena kisimani.

Eda ya nyumba hiyo ilikuwa kali. Mama Zeituni mwenyewe aliwahi kuikaa alipofiwa na mumewe, katika chumba hichohicho, na aliikaa kama alivyoelekezwa na wakubwa wake hapo Matungu: mjane havuki mlango mkubwa, kioo kinageuzwa ukutani, jua halimpigi usoni, na sauti ya mwanamume wa kando haisikii. Alivyopokea ndivyo alivyompa mkaza mwanawe. Hakuongeza kitu, na hakupunguza.

"Mimi naitwa Erastus Andati," mgeni akasema. "Khadija alikuwa akija kwangu Kakamega mjini kila Jumamosi, kwa masomo ya Kiingereza. Alipokosekana nikauliza, nikaambiwa kuna msiba. Pole sana, Mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Umetoka Kakamega kuja kutoa pole?"

"Nimekuja kutoa pole. Na kuna mtihani."

Mama Zeituni akauweka ungo chini. Habari ya mtihani aliijua. Khadija alimaliza kidato cha nne akafaulu masomo mengine yote, Kiingereza kikamwangusha. Chuo cha wauguzi kilikuwa tayari kumpokea akikirudia tu Kiingereza na kukipita. Jamal ndiye aliyemsukuma. Jamal ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto Jumamosi, akimpikia uji wenye madonge.

"Mtihani ni mwisho wa Oktoba," Mwalimu akasema. "Na eda?"

"Itakwisha Novemba ikiwa katikati."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa mahindi ya mama, na hakuna aliyemfukuza.

"Mtihani hauwezi kusogezwa," Mwalimu akasema taratibu.

"Wala eda."

"Niruhusu basi nimfundishe hapahapa, ili siku zisipotee. Hayo ya kutoka tutayaona mbele."

"Mwanamume haingii mle."

"Siingii. Na sauti, inaingia?"

Swali hilo lilimchanganya Mama Zeituni. Wakubwa wake walimwambia sauti ya mwanamume haisikilizwi, ni kweli. Lakini alipokuwa amekaa mle ndani, mwadhini alikuwa akiadhini na akimsikia. Na yule muuza samaki wa baiskeli alikuwa akipiga kelele barabarani, akamsikia pia, tena akampigia hesabu ya omena. Hakuna aliyemziba masikio.

"Ya mwadhini iliingia," akasema. "Na ya muuza samaki."

"Basi nihesabu na muuza samaki, Mama."

Mama Zeituni akacheka, kicheko cha kwanza tangu Julai, kikamshtua kama chafya. Na kutoka ndani ya dirisha lenye pazia sauti ikasema, "Mwalimu, nimekusikia. Mama, tafadhali."

Ndivyo kilivyoanza kile ambacho jirani yao Roda alikiita Kiingereza cha dirishani.

Roda alikuwa Mkristo wa kanisa la Kwakeri, na boma lake lilitenganishwa na lao kwa ua wa michongoma. Tangu msiba hakuna siku aliyoacha kupita na kitu mkononi, hata kama ni mboga za kunde tu. Aliposikia mwalimu anafundisha amesimama, alivuka ua na kigoda chake mwenyewe kichwani.

"Mwarimu hasimamangi kama polisi," akasema. "Kaa hapa. Mimi nitakuja kukichukua jioni."

Kikawekwa chini ya dirisha, chini ya mchirizi wa paa. Mwalimu akaketi, magoti yakamfika kidevuni.

"Tutaanza na kinachokuangusha, Khadija. Maneno unayajua. Nyakati ndizo zinazokuchanganya. Ule wakati uliopo timilifu, have na has, unautia mahali si pake, na panapo pake unautoa." Akamgeukia Mama Zeituni. "Darasani huwa nafundisha kwa vitendo. Nafungua mlango, nafunga mlango, na wanafunzi wanasema nilichofanya. Sasa huyu haruhusiwi kuniona. Anaweza kukuona wewe?"

"Mimi ananiona. Mlango wa chumba uko wazi kwa upande wa sebule."

"Basi wewe ndiwe utakuwa mikono yangu. Nenda ndani, shika kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Chochote, Mama."

Akaingia sebuleni, akanyoosha mkono kabatini, na mkono ukatoka na kikombe cha bati chenye ua la buluu. Kilikuwa cha Jamal. Hakukichagua. Mkono ulikizoea. Alipokiona akataka kukirudisha, lakini Mwalimu alikuwa tayari akiita kutoka nje, "Sasa kipeleke mezani, polepole, usikiachie! Khadija?"

"She is putting the cup on the table."

"Sawasawa. Mama, kiachie. Toa mkono. Khadija?"

"She has put the cup on the table."

"Vizuri kabisa! Na ikiwa ni jana?"

"She put the cup on the table yesterday."

Mama Zeituni alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono yake imening'inia. Neno moja la mwisho alilijua, la yesterday.

"Jana sikuweka kikombe mimi," akasema. "Jana nilikuwa shambani kutwa."

Roda, aliyekuwa bado hajaenda, akajishika mbavu. "Mwarimu, mwenye kikombe amekana!"

"Ni mfano, Mama."

"Mfano wa uongo anafundishwaje mtu aliye edani?"

Hata kule chumbani kicheko kilisikika, kimezibwa na kiganja. Nadia akacheka naye, bila kujua anacheka nini, kwa kuwa mama yake amecheka.

Mama Zeituni alitoka tena kibarazani kwa sababu jambo lilimkera na hakutaka kulilaza. "Mwalimu, nieleze na mimi. Hicho cha pili na hicho cha tatu vina tofauti gani? Si kikombe kimewekwa tu?"

"Cha tatu, kuweka kulikuwa jana, na jana imeondoka na mambo yake. Kikombe kiko wapi leo hatuna habari. Cha pili, umeshaweka, kazi imekwisha, lakini kikombe kiko palepale, tunakiona. Jambo limepita na alama yake iko."

"Kwa hiyo limekwisha na halijaisha."

"Unaweza kusema hivyo."

"Sasa lipi? Limekwisha au halijaisha?"

Mwalimu akajikuna kichwa. "Kwa Kiswahili si tuna aliweka na ameweka? Ni karibu hivyo. Ila sisi watu wa huku tunachanganya. Tunasema fulani amekuja jana, na hakuna anayetukamata. Kiingereza ndicho kinachokamata."

"Lugha ya watu wasio na huruma," Mama Zeituni akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Mwalimu akawa anakuja kila Jumamosi, mvua au jua. Mama Zeituni akawa amefungua milango, amefunga milango, amemwaga maji, amechuna majani ya chai, amemvisha Nadia sweta na kumvua, huku nyuma yake sauti ya Khadija ikimfuata kama ya mtu anayesimulia mchezo wa mpira redioni. Mara nyingine alisahau kama anafanya kazi au anafanya mfano. Siku moja alikuwa akisonga obusuma kweli, watu wana njaa, akajikuta ameinua mwiko na kusubiri Kiingereza kitoke chumbani. Hakikutoka, kwa kuwa ilikuwa Jumanne.

Aliona pia kwamba Mwalimu kila anapokuja huketi ameligeuzia dirisha mgongo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akaanza kumwekea chai.

Katika wiki ya tano hivi Mwalimu aliomba insha. Khadija akaiandika, akaitoa kwa mkono wa mama mkwe, na Mwalimu akaisoma pale kigodani kwa kalamu nyekundu, akitia alama hapa na pale. Kisha kalamu ikasimama hewani. Mama Zeituni akaona ameiweka ile nyekundu mfukoni, akatoa ya risasi.

"Amekosa?"

"Kidogo tu."

"Nisomee."

"Mama..."

"Nisomee, mwanangu. Kila siku mnanituma vikombe."

Akasoma kwa sauti ya chini. "My husband has died in July. Yaani, mume wangu amefariki mwezi wa Julai."

"Si ndivyo? Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kutaja mwezi. Ukitaja siku au mwezi, Kiingereza kinataka useme died. Kwa kuwa jambo limefungwa huko Julai."

"Nani amelifunga?"

Mwalimu akaigeuzageuza kalamu ya risasi.

"Nakuuliza, nani amelifunga? Wewe mwenyewe ulisema, kama alama iko, jambo halijaenda. Viatu vyake viko chini ya kitanda. Kikombe chake mnakifanyia masomo. Msichana wa watu ameketi mle ndani hajaona jua kwa ajili yake. Alama gani nyingine hicho Kiingereza kinataka?"

"Ukisema hivyo, Mama, hata mimi nachanganyikiwa," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba hasemi kumridhisha. Akainama tena juu ya karatasi. "Kuna njia. Asitaje mwezi. Aandike I have lost my husband. Nimempoteza mume wangu. Hapo hakuna tarehe, na hakuna mtahini atakayemgusa."

"Basi aandike hivyo. Afute Julai."

Pazia likatikisika. "Mama," Khadija akasema, "niache nitaje mwezi."

"Kwa nini? Mwalimu amekupa njia nzuri."

"Najua ni nzuri. Lakini ni Julai. Alikufa Julai. Nataka kuiandika mara moja nione kama mkono utaweza."

Mwalimu alimwangalia Mama Zeituni, kisha akatazama chini. Khadija akaomba karatasi irudi. Ukasikika mlio wa kifutio, halafu wa kalamu. Ilipotoka tena, Mwalimu akaisoma, akatikisa kichwa kukubali, na hakutia alama yoyote, ya kusahihisha wala ya kusifu.

Mama Zeituni alizunguka nyuma ya jiko, akajifanya anatafuta kuni. Akageuza jambo hili na hili. Msichana amesema kweli, Jamal alikufa Julai, nani asiyejua? Lakini mtu anayeweza kuandika kwamba limefungwa huko, si ndiye anayeweza kuinuka na kwenda? Na akienda, anakwenda na nani? Mama mzazi wa Khadija, aliyekaa Kakamega mjini, alikuwa amekwisha tuma salamu kwamba eda ikiisha mtoto ana nafasi kwake, hata kama mama yake atakwenda chuo. Zilikuwa salamu za wema, na Mama Zeituni alizipokea kama wema. Ila tangu siku hiyo kila usiku Nadia alipomshika sikio ili apate usingizi, ndivyo alivyozoea kulala, yeye bibi ndiye aliyebaki macho.

Kesho yake walikutana na Roda kisimani.

"Nikuulize, Mama Jamal," Roda akasema akiinua mtungi; yeye bado alimwita kwa jina la mwanawe. "Huyu binti anasoma vizuri, tunasikia mpaka kwetu. Hata mimi nimejua she has, she has. Lakini siku ya mtihani itakuaje? Wataleta mtihani dirishani?"

"Hawaleti."

"Sasa?"

"Sijui."

"Si umuulize sheikh wenu?"

Mama Zeituni akajishughulisha na kamba ya ndoo. Hilo ndilo swali alilokuwa amelizunguka tangu Mwalimu aliposhika viatu mkononi. Angemuuliza zamani. Msikiti haukuwa mbali. Lakini Sheikh angesema haiwezekani, basi kazi yote hii ya vikombe ni bure, na Khadija atabaki amevunjika mara mbili. Na angesema inawezekana, basi mlango umefunguka. Lipi alilitaka? Alijiuliza kwa uaminifu kabisa, na hakupata jibu. Asubuhi alitaka hili, jioni lile.

"Wewe unaogopa jibu gani?" Roda akauliza, kwa upole.

"Yote mawili."

Roda hakumcheka. Alimtwisha ndoo, akaiweka sawa juu ya kata, akamfuta maji yaliyomwagikia begani kwa upande wa leso yake. "Basi heri lile moja ulijue," akasema. "Kuogopa mawili ni mzigo."

Alikwenda siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Sheikh Abdulnasir alikuwa madrasani, watoto wametoka, anakusanya mbao zao za kuandikia. Alikuwa na umri wa Jamal. Walicheza pamoja, wakaiba miwa pamoja, na Mama Zeituni aliwahi kumchapa kwa ajili ya miwa hiyo. Alipomwona akainuka na kumtandikia mkeka.

"Asalaam aleikum, Mama. Ungeniita ningekuja."

"Waleikum salaam. Jambo lenyewe lilitaka nije mimi."

Akalisema lote, akianza na mtihani, akirudi kwenye vikombe, akiruka mpaka Julai. Sheikh alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akauliza, "Mtihani ni mchana?"

"Mchana."

"Na usiku atalala nyumbani kwa mumewe?"

"Atalala wapi kwingine?"

"Basi aende. Mjane aliye edani anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja, na hiyo ni haja. Asijipambe, asijitie manukato, na arudi kabla ya usiku."

Mama Zeituni alibaki amemtazama. "Na kutovuka mlango?"

"Hilo halimo, Mama."

"Na kioo? Na jua? Na sauti?"

"Hayo niliyakuta hapa. Wazee walikuwa nayo. Sikuyasoma popote."

"Kwa hiyo mimi nilikaa mle ndani..." Akashindwa kumaliza. Aliiona ile miezi yake, kioo kimegeuzwa, macho yakimuuma alipotokea kwenye mwanga. Hakujua kama ni hasira anayoisikia au ni aibu, na kama ni hasira, ni ya nani. Bibi zake waliomwelekeza walikuwa wanawake wazuri, walimlisha kwa mikono yao. "Nilikaa bure?"

Sheikh akaziweka mbao chini. "Hukukaa bure. Ulimkalia mumeo kwa heshima zaidi ya uliyodaiwa. Aliyetoa zaidi hajakosea. Ila Khadija usimdai."

Aliondoka na jibu moja, na bado alikuwa na hofu. Njiani miwa ilikuwa mirefu pande zote mbili na upepo ukiipitia, na alitembea kama mtu aliyepewa mzigo asioujua kama ni chakula au mawe. Alipofika nyumbani hakuingia kwa mlango. Alikwenda akakaa kwenye kigoda cha Roda kilichobaki chini ya dirisha, magoti yakamfika kidevuni. Akaligeuzia dirisha mgongo.

"Khadija."

"Abee, Mama."

"Nimetoka kwa Sheikh. Amesema unaweza kutoka mchana, kwa mtihani."

Kisha sauti ikaja karibu zaidi na pazia. "Na wewe umesema nini?"

Mama Zeituni akatazama uwanja wake uliofagiliwa. Alikuwa amejitayarishia maneno mengi njiani, ya mtoto, ya salamu za Kakamega, ya uzee. "Mimi nimesema nitakusindikiza," akasema.

Siku ya mtihani walitoka kumeshapambazuka, Khadija katika nguo nyeupe za eda, macho ameyafinya. Mlangoni alisimama. Mama Zeituni, aliyekuwa mbele, akahisi hafuatwi, akageuka. Hakumhimiza. Alirudi akamshika mkono, wakavuka pamoja, naye mwenyewe kwa hofu ya zamani akavuka kwa mguu wa kulia na kutaja jina la Mungu. Roda alikuwa uani tayari, amemfunga Nadia mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa mno kubebwa.

"Nenda tu," Roda akasema. "Huyu atakula ingokho leo, kuku wangu mwenyewe, hatawaulizia."

Kakamega, kwenye lango la shule ya mtihani, vijana walikuwa wengi, wanatajiana majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa. Walipomwona mwanamke katika nguo nyeupe sauti zikapungua, wakampisha. Mwalimu Andati alikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Aliinua mkono tu, mara moja, akaushusha, akageuka kutazama upande mwingine ili Khadija apite kwa amani.

Mama Zeituni akasimama nje ya ukumbi. Msimamizi mmoja, kijana mwenye tai iliyopinda, akatoka na kiti cha darasani, akakiweka kivulini bila kusema neno, akarudi ndani. Akakaa. Karatasi ya asubuhi ikapita. Mchana wakala mkate waliotoka nao, Khadija hasemi, yeye haulizi. Karatasi ya pili ikaanza, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa msitu kama kawaida ya Kakamega. Mvua iliponyesha juu ya mabati hakusikia tena hata mawazo yake. Alitazama mbingu akijaribu kulipata jua liko wapi. Alikuwa ameahidi. Kabla ya usiku.

Nusu ya moyo wake ilisema, mvua hii ikimchelewesha, tutakuwa tumevunja eda. Nusu nyingine ilimwombea binti apate muda wa kutosha, amalize, asome tena alichoandika. Alikuwa akiomba mambo mawili yanayogombana, na Mungu peke yake ndiye ajuaye alivyoyapanga.

Khadija alitoka na wino kidoleni. Wakatembea haraka kuelekea stendi, leso moja juu ya vichwa viwili.

"Ulikiona kile cha have na has?" Mama Zeituni akashindwa kuvumilia.

"Nilikiona. Na insha ilikuwa ya mabadiliko nyumbani kwetu."

"Ukaandika Julai."

"Mstari mmoja. Iliyobakia nimekuandika wewe."

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Umeweka kikombe mezani."

Mama Zeituni akamtazama kama anatania, na alikuwa anatania, lakini si sana. Wakaruka dimbwi. Upande wa pili Khadija hakuuachia mkono wake.

"Mama, nikipata chuo, mtoto nifanyeje? Mama yangu anasema ana nafasi. Na ni kweli ana nafasi. Mimi sijui. Nachanganyikiwa."

Hapo ndipo alipokuwa akipaogopa tangu Julai, na sasa amefikishwa, kwenye matope, watu wanawapita wakikimbia mvua. Angeweza kusema mengi. "Mama yako ni mtu mwema," akasema. "Mtoto akikaa kwake hataharibika." Akameza mate. "Wewe unaonaje?"

Khadija alitembea hatua kadhaa. "Mimi naona Nadia hawezi kulala bila sikio lako."

"Atajifunza."

"Sitaki ajifunze. Sitaki apoteze na hilo. Akae nawe, kama utaweza. Nitakuwa nikija chuo kikifunga. Kwa mama yangu atakwenda kutembea."

Walipofika stendi Mama Zeituni alisema, "Nitaweza," kisha akalisema tena, kwa sauti zaidi.

Walifika nyumbani jua limeshuka hadi kwenye ncha za miwa, mwadhini hajainuka bado. Khadija akaingia chumbani kwake, kuendelea na eda yake iliyobaki. Mama Zeituni akaingia nyuma yake, akakigeuza kile kioo kitazame chumbani, akatoka bila kueleza. Kisha akakaa kibarazani na Nadia mapajani, mkono wa mtoto umekwisha panda kutafuta sikio.

Roda alikuja kuuliza habari, akaambiwa, akashukuru kwa lugha yake na kwa yao. Akavuka kwenda dirishani na kuinama kukichukua kigoda.

"Kiache," Mama Zeituni akasema.

"Kwani masomo si yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Na Mwarimu si amemaliza kazi yake?"

"Amemaliza."

Roda akasubiri, ameinama, mkono uko juu ya kigoda. Mama Zeituni alijaribu kupata sababu ya kumpa, akaipata nusu, ikamponyoka.

"Wewe kiache tu hapo," akasema. "Jumamosi nitapika chai."